Dada Aliyezeeka Kabla ya Mama

Nywele za dada yangu mkubwa zilianza kuwa nyeupe alipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Nina hakika na hesabu hiyo, kwani mimi na yeye tulibatizwa siku moja, wazazi wetu walipoingia Kanisani: mimi nikiwa mchanga wa miezi miwili, yeye akiwa na miaka mitano, na kitabu cha parokia kimetuandika katika ukurasa mmoja. Nimekitazama kitabu hicho mara tatu maishani mwangu. Mara ya kwanza nilikuwa nikitafuta cheti. Mara mbili zilizofuata nilikuwa nikitafuta kosa, nikitumaini kwamba padri aliyeshika kalamu alikosea mwaka, na kwamba dada alikuwa mkubwa kuliko tulivyodhani. Kosa halikuwapo.

Alipotimiza miaka thelathini alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Ngozi ya miguu yake ilikuwa imekaza na kung'aa, na vidonda vya vifundoni vilikataa kupona. Sauti yake, ambayo zamani ilibeba sauti ya pili katika kwaya, ilikuwa imekonda ikawa kama ya mtoto anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Wakati huohuo mama yetu, aliyemzaa, bado alipanda kilima cha kwetu na mkungu wa ndizi kichwani bila kutua, na nywele zake zilikuwa nyeusi. Siku za soko walipokwenda Mosocho pamoja, watu walimwuliza mama, "Leo umemleta mama mkwe?" Mwanzoni mama aliwasahihisha. Baadaye akaacha, kwa sababu kila sahihisho lilizaa maswali matatu.

Dada yeye aliigeuza aibu ile kuwa mchezo. Kwa wachuuzi waliotoka nje, waliozungumza Kiswahili, alikuwa na mzaha wake mmoja ambao hakuchoka nao: "Nyanya amekuja kununua nyanya. Jamani, mtamlangua nyanya yenu?" Walicheka, wakamwongezea mbili tatu juu ya fungu, naye akarudi akituhesabia faida ya uzee. Alikuwa ameolewa, na hakujaliwa mtoto. Asubuhi moja watu wa mumewe walimleta nyumbani kwa adabu kubwa, wakanywa uji, wakasema kwamba wamemleta apumzike. Hawakurudi kumchukua, na mzee wetu hakuwauliza.

Mimi nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari upande wa Nyamira. Nilikuwa nimefika hapo kwa njia ya kuzunguka. Nilisoma seminari ndogo miaka sita, nikajifunza Kilatini na Kigiriki kidogo, na nikajifunza jambo ambalo nilidhani lingenifaa maisha yote: jinsi ya kulinganisha nakala mbili za maandiko ya kale na kuamua ipi ni ya kweli. Kisha niliacha seminari nikaenda chuo kikuu kusoma sayansi. Huko, katika miaka ya sitini, mhadhiri wetu alitusimulia jambo ambalo lilinifanya niache kuandika na kumtazama. Alisema kwamba seli za binadamu zikitolewa mwilini na kulishwa ndani ya chombo cha kioo, hugawanyika, na kila moja huwa mbili, na mbili huwa nne, lakini si milele. Zikifika takribani mara hamsini, husimama. Hazijafa, zimesimama tu, zimevimba, hazigawanyiki tena. Na ukizigandisha katikati ya safari kwa muda mrefu, kisha ukaziyeyusha, huendelea pale zilipoishia, kana kwamba ziliweka hesabu. Ni nini ndani yake kilichohesabu, mhadhiri hakujua, na alikiri hivyo.

Miaka michache baadaye, nikiwa tayari nafundisha, rafiki niliyesoma naye alianza kunitumia majarida ya sayansi kutoka maktaba ya chuo. Humo nilisoma dhana ambayo ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kuzungumzwa: kwamba uzi wa DNA, unaobeba maagizo yote ya mwili, haunakiliwi hadi mwisho. Kile kinachonakili lazima kishike mahali, na pale kinaposhika mwishoni hakiwezi kupanakili. Hivyo kila seli inapogawanyika, ncha za uzi hupungua kidogo, na seli inazeeka kwa kupungukiwa na ncha. Leo wanafunzi huziita ncha hizo telomea na kuzichora bila wasiwasi. Sisi wakati ule tulikuwa tukipapasa. Nilisoma pia kwamba seli za watu wanaozeeka mapema, zikilishwa katika kioo, husimama mapema kuliko za wenzao. Niliposoma sentensi hiyo nilifunga jarida, nikatoka nje, nikatembea hadi uwanja wa mpira na kurudi.

Nilidhani nimeelewa. Kisha jarida jingine likanivuruga. Lilieleza jinsi kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi kilivyotiwa ndani ya yai la chura lililoondolewa kiini chake, na kutoka humo akapatikana chura mzima. Maana yake ni kwamba seli ya utumbo ilikuwa na kitabu kizima, ila ilikuwa inasoma kurasa zake za utumbo tu. Kurasa nyingine zilikuwa zimefungwa, si kuchanwa. Jambo hilo sikuwa na shida kulielewa. Katika maktaba ya seminari, padri mtunzaji alizibana kwa pini kurasa ambazo kidato cha kwanza hakikuruhusiwa kuzisoma, na tulipopanda vidato alizitoa pini moja baada ya nyingine. Lakini basi, dada yangu alikuwa na tatizo gani? Je, nyuzi zake zilipungua ncha haraka kuliko zetu? Au kulikuwa na mkono uliobana kurasa za ujana wake kabla ya wakati, na kufungua za uzee? Na mgomba je? Migomba ya mama ilitokana na machipukizi aliyopewa na mama yake, naye alipewa na mama yake, shina moja linalojigawa tangu nani ajuaye, na chipukizi la mwaka huu lilikuwa changa kabisa. Kama kunakili kunazeesha, mgomba ulipata wapi msamaha? Nilisimama kati ya migomba ile nikiwa na shahada ya chuo kikuu na sikuwa na jibu la kumpa hata mbuzi.

Fadhaa hiyo ingebaki kuwa yangu peke yangu kama mdogo wetu wa kike asingepata mchumba. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye nywele nyingi nyeusi. Kijana mwenyewe alikuwa karani wa kupima majani katika kituo cha kununulia chai upande wa Itumbe, na wazazi wake walikuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa Nyansiongo, katika ardhi iliyokuwa ya masetla wa Kizungu. Kwetu ndoa haiendi mbele kabla mshenga, tunayemwita esigani, hajaingia katika nyumba zote mbili na kuchungulia. Yeye huuliza kuhusu ukoo, uchawi, wizi, kifafa, na magonjwa yanayorudi. Akirudi na neno baya, ndoa imekwisha, na sababu huenea hadi nyumba nyingine zote. Watu wa Nyansiongo walituma ujumbe kwamba mshenga wao angekuja baada ya wiki tatu. Walikuwa wamesikia kwamba nyumba yetu ina binti aliyezeeka.

Mdogo wetu alinijia shuleni siku hiyohiyo. "Kaka, wewe ndiye msomi," alisema. "Nataka kuolewa na huyu. Si na mwingine. Nilimchagua kabla yeye hajanichagua. Wataniuliza kama nitakuwa kama dada. Niwajibu nini?"

Nilimwambia nitakwenda hospitalini nikatafute jibu. Dada alikuwa amelazwa miezi miwili mwaka uliotangulia katika hospitali fulani, kwa ajili ya vidonda na macho, na daktari Mzungu aliyemhudumia alikuwa bado hapo. Alinipokea vizuri. Alikuwa mtu mwangalifu, mwenye Kiswahili sanifu alichojifunza Pwani, na aliniambia kwa fahari kwamba hahitaji mkalimani. Alitoa kadi ya dada kwenye sanduku na kunisomea. Hali yake, alisema, ni adimu sana, na hurithiwa kwa namna maalumu: ni lazima mtoto apokee jeni yenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili. Ndiyo sababu huonekana zaidi pale ambapo wazazi ni wa damu moja. "Kama hapa," alisema, na akanielekeza kwa ncha ya kalamu.

Kwenye kadi palikuwa na nafasi ya ukoo wa baba na nafasi ya ukoo wa mama. Katika nafasi zote mbili liliandikwa jina lilelile: ukoo wa mama yetu.

Nilimwomba anikopeshe kadi ile, naye akakubali. Niliiweka ndani ya kamusi yangu ya Kilatini, na kwa wiki mbili nilikuwa mtu asiye na ardhi chini ya miguu. Tangu zamani kwetu kuoana ndani ya ukoo ni jambo lisilotajwa hata kwa mzaha. Mzee wetu alijulikana kuwa wa ukoo mwingine kabisa. Mimi mwenyewe nilijitambulisha kwa ukoo huo kila mahali. Kwa nini basi dada, alipoulizwa na daktari wake, aseme vingine?

Hapo ndipo elimu yangu ilipoanza kunidhuru. Nilifundishwa kwamba nakala mbili zikipingana, usikimbilie ile iliyo rahisi. Mara nyingi ile ngumu ndiyo ya kweli, kwa kuwa hakuna mwandishi anayebuni ugumu kwa hiari yake. Nikajiambia: hakuna binti anayebuni aibu ya namna hii. Dada alilelewa na bibi yetu, mama wa mzee wetu, hadi alipofika miaka minane. Huenda alisikia yale ambayo sisi hatukuyasikia. Nikakumbuka kwamba siku moja, katika ugomvi wa mpaka, jirani alimwita mzee wetu "mgeni wa kukaribishwa", na mzee akaokota jembe lake akaondoka. Je, babu alikuja kutoka upande wa kina mama, akapewa ardhi, akavaa jina la wenyeji? Kila nilichokumbuka kilikubaliana na kadi. Hata sayansi ilikubaliana nayo. Jeni mbili, damu moja, dada mmoja aliyezeeka: sijawahi kuona hoja iliyokaa sawa hivyo, wala iliyonikosesha usingizi hivyo.

Mtu wa mahali pengine angeuliza, kwa nini sikumwuliza mzee? Sikuweza. Tuna adabu tunayoiita chinsoni, soni iliyo kati ya mzazi na mtoto wake, nayo humzuia mtoto wa kiume kugusa mbele ya babaye jambo lolote linalokaribia kitanda cha ndoa. Ningemwuliza nini? "Mzee, ulimwoa dada yako?" Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilisimamia darasa la vijana arobaini, lakini swali hilo halikuwa na mlango wa kutokea kinywani mwangu. Kumwuliza mama kulikuwa nusu ya ugumu huo, na nusu ilitosha. Kumwuliza dada kungekuwa rahisi zaidi, lakini niliogopa angethibitisha. Niliwatazama tu. Jumapili, wazazi wetu walipokuwa wakila, nililinganisha masikio yao.

Mshenga alifika siku ya Jumatano, mchana, viatu mkononi na mwavuli begani. Alikuwa mwanamke mzee, mnene, mwenye macho yasiyotulia. Mzee wetu, kama ilivyopasa, alikuwa ameondoka. Katika nyumba ya mama tulikuwa wenyeji wanne: mama, dada karibu na jiko, mdogo wetu aliyeleta chai na kutoka mara moja, na mimi, kwa kuwa mtoto wa kiume wa kwanza. Mazungumzo yalikuwa kwa Ekegusii, lugha ya kwetu. Nayaandika hapa kwa Kiswahili.

Mshenga aliangaza macho nyumba nzima, kisha akaburuta kigoda chake hadi kwa dada. "Afadhali nimemkuta bibi wa nyumba hii," alisema. "Hawa vijana huficha mambo. Bibi, umeamkaje? Miguu inakusumbua?"

"Miguu ni ya kwangu lakini hainisikii," dada alijibu.

"Yangu pia! Kupanda hapa nimepumzika mara nne. Sasa niambie wewe, maana wewe na mimi hatuna muda wa kudanganyana. Nyumba hii ina mchawi?"

"Hakuna. Kuna kuku mmoja tu ninayemshuku."

Mshenga alicheka hadi chai ikamwagika. Mama aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, na sikujua kama alikuwa anacheka au analia. Mshenga aliuliza kuhusu kifafa, na wizi, na watu waliojinyonga, na dada alijibu yote kwa utulivu wa mtu wa miaka themanini. Kisha mshenga akashusha sauti.

"Na yule binti wenu. Yule aliyezeeka. Yuko wapi? Nimetumwa nimwone kwa macho yangu haya."

"Unamwona," dada alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Ni mimi. Nina miaka thelathini na minne. Nisalimie upya, mama, maana salamu ile ya kwanza haikuwa ya rika langu."

 Mshenga aliunyosha mkono akaushika uso wa dada kidevuni, akaugeuzia kwenye mwanga wa mlango, akautazama kama mtu anayesoma barua ya mtoto wake. Kisha akamsalimia upya, salamu ya mama kwa binti, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwanangu," alisema, "sasa nijibu tena. Baba yenu mzazi ni wa ukoo gani?"

Dada alitaja ukoo wa mzee wetu, ule tulioujua siku zote.

"Na mama yenu?"

Akataja ukoo wa mama. Koo mbili, mbali kama Mosocho na Nyansiongo.

Sikuweza kujizuia. "Dada," nilisema, "kwa nini hospitalini ulisema vingine?" Nikaichukua kamusi niliyokuja nayo, nikatoa kadi, nikasoma kwa sauti. Mama alinyanyua kichwa. Hapo nilijua kwamba nimetamka, mbele ya mshenga wa watu, neno ambalo lingeweza kuizika nyumba yetu.

Dada alifikiri. "Yule Mzungu? Aliniuliza kwa Kiswahili, 'Baba ni wa ukoo gani?' Nikamwambia. Akaandika. Kisha akauliza, 'Na mama?' Nikashangaa. Nikasema moyoni, mtu huyu ni kiziwi, anauliza lilelile mara mbili. Nikamwambia tena, kwa sauti kubwa zaidi."

Kwa msomaji asiye wa kwetu ni lazima nieleze. Katika Ekegusii, mwanaume aliyekuzaa ni tata. Baba ni mama. Neno la kwanza ambalo mtoto wa Kigusii humwitia mwanamke anayemnyonyesha ni hilohilo ambalo Mswahili humwitia mume wa mwanamke huyo. Sisi tuliosoma tulilitenganisha neno hilo tukiwa darasa la kwanza, kwa fimbo, na tukasahau kwamba liliwahi kutupa taabu. Dada alisoma miaka miwili tu, na kwa Ekegusii peke yake. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na sokoni hakuna anayeuliza habari za baba yako. Alijua kwamba Waswahili humwita mama "mama". Hakujua kwamba "baba" wao si "baba" wetu. Na mimi, ambaye niliweza kueleza kwa nini mwandishi wa kale alikosea herufi moja katika Kilatini, sikulikumbuka kosa ambalo nililifanya mwenyewe nikiwa na miaka saba.

Mama ndiye aliyeelewa wa kwanza. "Kwa hiyo," alisema polepole, "katika kitabu cha Mzungu, nimejioa mwenyewe?" Akaanza kucheka, akacheka hadi akajishika mbavu, na mshenga akamfuata, na dada naye kwa sauti yake nyembamba, hadi mdogo wetu akaja mbio mlangoni. Mimi nilikuwa nimeketi na kadi mkononi. Nilifarijika, ndiyo, lakini niliona pia kitu kingine kikiniponyoka. Ile hoja iliyokaa sawa, ya damu moja na jeni mbili, ilikuwa imeanguka, na mahali pake hapakuwa na kitu.

Mshenga alijifuta macho, akanigeukia. "Sasa Mwalimu. Ukoo ni safi. Bado hili moja. Huyu mdogo atakuwa hivi, au hatakuwa? Nikaseme nini kule?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Nilimwambia juu ya uzi usionakiliwa hadi mwisho, na kurasa zinazofungwa na kufunguliwa, na kwamba sikujua ni lipi kati ya hayo lililomzeesha dada. Nilimwambia kwamba koo mbili tofauti zinaweza, kwa bahati, kubeba kila moja hitilafu ileile, na kwamba mtoto mmoja akiipokea pande zote mbili, mwingine anaweza asiipokee. Nilimwambia kwamba hakuna chombo, hapa wala Nairobi, cha kunionyesha mdogo wetu amepokea nini. Alinisikiliza kichwa kikiwa upande, akinywa chai yake iliyopoa. Nikamaliza kwa kusema kwamba sijui. Alishukuru, akachukua mwavuli na viatu, akaondoka.

Jioni mdogo wetu alinikuta nyuma ya nyumba, nikikata majani ya ng'ombe. "Nilisikia yote nikiwa nje," alisema. "Kadi ilipokuwa ya kweli, ulijua sababu. Sasa kadi ni ya uongo, na hujui kitu. Mbona unaonekana umefurahi?"

"Kwa ajili ya wazazi."

"Na mimi je? Dada alianza akiwa na ishirini na mitatu. Nisubiri miaka miwili kwanza tuone?"

Nilikuwa nimeliwaza swali hilo kabla yake, na nililiogopa. Nilimwambia kwamba miaka miwili ingetuambia kidogo tu, na kwamba kijana anaweza asisubiri. Nilimwambia kwamba hata akibaki mzima, anaweza kuwa amebeba nusu ya hitilafu na kuwapa watoto.

"Na yeye, wa Nyansiongo, amebeba nini?"

"Sijui."

"Haya. Basi mimi na yeye tunalingana," alisema, akanipokonya panga na kuendelea kukata.

Jibu la Nyansiongo lilikuja baada ya siku kumi na mbili, nalo lilikuwa ndiyo. Nilishangaa, na nikajiambia kwamba wale ni watu waungwana wanaoweza kuishi na neno "sijui". Ng'ombe waliletwa, misa ikasomwa, na baada ya misa tulikwenda Nyansiongo kwenye karamu. Mzee wa nyumba, baba wa bwana harusi, alinishika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya wageni.

"Mwalimu," alisema, "tunakushukuru hasa wewe, kwa kiapo chako."

"Kiapo gani, mzee?"

"Kwamba uliipima damu ya nyumba yenu kwa vyombo vya shule, na ukaiona ni safi. Mke wangu alikuwa na hofu. Neno lako ndilo lililomlaza."

Shuleni kwetu kulikuwa na hadubini moja, yenye kioo kilichopasuka, tuliyoitumia kutazama ngozi ya kitunguu. Nilimtafuta mshenga kwa macho. Alikuwa ameketi karibu na sufuria za wali, sahani magotini. Nikaomba radhi, nikaenda nikainama kando yake.

"Mama, mimi sikusema damu ni safi."

Hakuacha kutafuna. "Ulisema hujui kama ni chafu."

"Hayo si mamoja."

"Mwanangu, ulisema maneno mengi sana, na kutoka kwenu hadi huku ni mbali. Nilichukua yanayobebeka."

Nilisimama. Mzee wa nyumba alikuwa bado ananitazama kwa tabasamu, akingoja nirudi nimalizie neno langu, na mkewe alikuwa amesogea karibu kusikiliza. Nilikuwa na sentensi tayari; niliijenga nikiwa natembea, yenye masharti yake yote na uangalifu wake wote. Bibi harusi aliniona ninakuja. Alinijua tangu kuzaliwa kwake, na nadhani aliisoma sentensi ile usoni mwangu kabla sijaifungua.

"Jamani, mpeni kaka sahani," aliita kwa furaha. "Huyu akianza kueleza, wali utapoa na ng'ombe watarudi kwao wenyewe." Watu wakacheka. Mtu akanitia sahani mikononi. Nikala.

Hadi leo sijaamua kama siku ile nilinyamaza au nilinyamazishwa, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Miaka iliyofuata, kila mdogo wetu alipokuja nyumbani kututembelea, macho yangu yalikwenda kwenye nywele zake kabla ya kwenda usoni. Nilidhani ninaficha. Likizo moja, akiwa na miaka ishirini na minne na mtoto mgongoni, alisimama langoni, hakuingia. Alifungua kitambaa chake, akainamisha kichwa mbele yangu juani.

"Haya, Mwalimu," alisema. "Tazama kwanza, umalize. Kisha unisalimie."